Mama Aliyekwenda Kazini: Youn Yuh-jung na Dharau Yetu kwa Tamthilia za Wikiendi

 

Miaka miwili iliyopita, katika semina ya idara, mwenzangu mmoja aliwasilisha makala kuhusu Youn Yuh-jung, mwigizaji wa Korea Kusini aliyechukua tuzo ya Oscar mwezi Aprili 2021 akiwa na miaka 73. Hoja yake ilikuwa imenyooka kama shuka ya hotelini. Alisema maisha ya kisanaa ya bibi huyu yana vilele viwili tu: filamu alizofanya na mwongozaji Kim Ki-young mwaka 1971 na 1972, na Minari ya mwaka 2020, filamu iliyompa Oscar hiyo. Katikati kuna bonde: ndoa, Marekani, talaka, kisha miongo ya tamthilia za familia ambazo, kwa maneno yake, "alizifanya kwa ajili ya kodi ya nyumba." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, na mhadhara huu umezaliwa siku ile.

Wasifu wake nitaupitia mbio, maana wengi mnaujua. Alizaliwa mwaka 1947 Kaesong, mji ambao leo uko Korea Kaskazini. Mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alifaulu usaili wa waigizaji wa kituo cha TBC, akaacha masomo. Mwaka 1971 alikuwa suria wa mfalme katika tamthilia ya Jang Hui-bin ya kituo cha MBC, na mwaka huohuo akaingia kwenye sinema. Akaolewa na mwimbaji Cho Young-nam, wakahamia Florida, wakapata watoto wawili wa kiume. Alirudi Korea mwaka 1984, na mwaka 1987 ndoa ikavunjika. Hayo yanatosha.

Tushuke sasa kwenye hilo bonde.

Kwanza kuna neno ambalo mwenzangu aliliruka. Wakorea walikuwa na jina lao la mwigizaji wa runinga: "tallenteu". Walilitoa kwenye Kiingereza likiwa na maana ya kipaji, wakaligeuza kuwa cheo cha kazi. Vituo viliwachukua watu hao kwa usaili wa wazi, kama benki inavyotafuta makarani. Baadaye viliwapanga kwa madaraja, la 6 hadi la 18 kwa watu wazima, na malipo yakafuata daraja. Kwa hiyo Youn hakuporomoka kutoka kwenye sinema hadi kwenye runinga. Ni mtoto wa usaili. Kim Ki-young alipomweka kwenye filamu ya Hwanyeo mwaka 1971, alimchukua mtu mwenye miaka mitano ya kusimama mbele ya kamera za studio. Hakumwokota barabarani.

Mwenzangu atanijibu, na siku ile alinijibu, kwamba usiku wa Oscar bibi alimshukuru Kim Ki-young, mwongozaji wa filamu yake ya kwanza. Ni kweli. Lakini hotuba husikilizwa yote. Aliwashukuru pia wanawe wawili kwa kumfanya atoke kwenda kazini, akawaonyesha kwamba tuzo ile ndiyo matokeo ya mama yao kuhangaika. Waliokuwapo wakacheka, kama idara yetu ilivyocheka. Mimi niliyachukua maneno yale kama hesabu ya mtu anayejua kila shilingi ilipotoka.

Hesabu yenyewe ni hii. Huko Florida alifanya kazi ya keshia dukani kwa dola 2.75 kwa saa. Aliporudi Seoul, kuachika lilikuwa doa. Kuna watazamaji waliolalamika kwamba mwanamke aliyeachwa na mume hafai kuonekana kwenye runinga. Alikuwa na watoto wa kulisha. Akapokea kila nafasi aliyopewa, hata iwe ya sentensi mbili. Mwandishi wa tamthilia Kim Soo-hyun alikuwa miongoni mwa waliomfungulia mlango tena. Mwaka 1991 akaonekana kama mama wa familia katika Sarang-i Mwogillae, yaani Mapenzi ni Kitu Gani. Tamthilia hiyo ilimalizika mwaka uliofuata ikiwa na wastani wa asilimia 59.6 ya watazamaji. Ajabu ya bonde hilo: zaidi ya nusu ya waliowasha runinga Korea walikuwa wamekaa ndani yake.

Tamthilia ya namna ile, ya wikiendi, ilipigwa huku inarushwa hewani. Skripti ilifika imechelewa, na jukwaa lilikuwa sebule na jiko. Mwigizaji alitakiwa kukata mboga, kumsikiliza mkwe, kuficha hasira na kukumbuka mistari aliyoipata jana. Mwaka 2012, akiwa na miaka 65, Youn alifanya kazi hiyo kwa sehemu 58 katika tamthilia moja ya KBS, akiwa mama mkwe. Nionyesheni chuo cha uigizaji chenye mazoezi marefu kuliko hayo. Kisha tazameni Minari. Youn, akiwa bibi, anatafuna tunda gumu la chestinati, analitoa mdomoni, anampa mjukuu ale, na mjukuu anakunja uso. Hapo hapana muziki wa kutuelekeza tuhisi nini. Kuna mdomo na mkono vinavyofanya kazi yake bila kujitazama. Wahakiki waliita wepesi ule muujiza wa uzeeni. Mimi nauita sehemu ya 59.

Niruhusuni sasa niseme habari ya tamthilia ninayoipenda kupita kiasi. Ni Dear My Friends ya kituo cha tvN, mwaka 2016, iliyoandikwa na Noh Hee-kyung. Ina sehemu 16, na humo wamekusanywa wazee wa runinga ya Korea: Kim Hye-ja, Na Moon-hee, Go Doo-shim na wenzao. Youn ni Oh Chung-nam, mwanamke ambaye hakuolewa, ana mgahawa wa kahawa, anawatunza ndugu, na anaona aibu kwa kukosa shule. Anapenda kukaa na wasomi. Sisi wasomi tukitazama tunajikuna, na ni haki yetu. Niliitazama yote nyumbani kwa shangazi yangu, mfanyabiashara wa mchele katika soko la Tandale. Anazijua tamthilia za Kikorea tangu enzi za kanda zenye sauti ya mfasiri wa Kiswahili juu yake. Nilikuwa namfasiria maandishi ya chini. Sehemu ya pili haijaisha akasema, "Huyu amewahi kusimama nyuma ya kaunta. Kusimama kwa namna hii hakufundishwi." Siku ile hata mimi nilikuwa sijui habari za Florida.

Kuna hoja inayonisumbua, na sitaificha. Youn mwenyewe amesema kwamba mwigizaji huigiza vizuri zaidi anapohitaji fedha. Lakini amesema pia kwamba baada ya kuvuka miaka 60 alijiruhusu anasa moja: kufanya kazi na watu anaowapenda, bila kutazama malipo. Na Minari ilikuwa filamu ya bajeti ndogo. Kwa hiyo Oscar ilitoka kwenye anasa, haikutoka kwenye kodi ya nyumba. Tena waigizaji wenye shida ni wengi, na walio wazuri ni wachache. Njaa haifundishi mtu kuigiza. Nakubali yote hayo. Ila naona anasa ile ilinunuliwa kwa fedha za wikiendi, na mikono aliyoingia nayo Minari ni ileile ya jikoni kwenye studio. Mwenzangu, najua huniungi mkono.

Mwaka uleule wa tuzo alikuwa akipiga tamthilia nyingine. Pachinko ilitoka mwaka 2022, naye ni Sunja wa uzeeni, bibi wa Kikorea aliyeishi Osaka na ujanani aliuza kimchi sokoni. Kuna mahali anakaribishwa chakula katika nyumba ya mzee mwenzake, Mkorea. Anatia wali mdomoni, anatafuna, na anatambua kwamba mchele umetoka kwao, si wa Japani. Youn hasemi mengi. Anatafuna, na macho yanabadilika.

Hapo pia nilikuwa natazama na shangazi. Alinyamaza kama anasubiri mnunuzi ataje bei. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, aone tena anavyotafuna. Nikarudisha. Akasema, "Mpya huo. Umevunwa msimu huu."