Bonyeza Moja, Bonyeza Mbili: Hadithi ya Mbaazi kwa Simu ya Kitochi

Mazungumzo ya mratibu wa miradi na wajumbe wa kamati za usharika na mitaa, pamoja na marafiki wafadhili, Kansay, Karatu.



Tumeombwa tueleze kwa nini ofisi ya miradi, ambayo ninyi mnaijua kwa matenki ya maji na mbuzi wa maziwa, sasa inataka kutengeneza mchezo. Swali hilo ni la haki. Hata sisi tulipokaa ofisini mara ya kwanza kulijadili jambo hili tuliona aibu kidogo.

Mchezo wenyewe ni hadithi inayosikika kwa simu. Mtu anabipu namba ya mradi, mtambo unampigia, na sauti inaanza kumsimulia: "Umevuna magunia matano ya mbaazi. Una deni dukani, na Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza. Mnunuzi amefika na lori, anataka ujaze lumbesa. Kumuuzia yote leo, bonyeza moja. Kuweka ndani usubiri bei, bonyeza mbili." Anabonyeza, na hadithi inaendelea kwa njia aliyoichagua. Hakuna picha, hakuna intaneti, wala haihitaji simu kubwa. Kitochi kinatosha.

Jambo hili si jipya duniani. Mwaka 1976 Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutembea mapangoni, aliandika mchezo wa maneno matupu juu ya pango la Kentucky ili binti zake waucheze. Mwaka uliofuata Don Woods aliuongezea, na tangu hapo watu wengi wametengeneza michezo ambamo msomaji anaambiwa yuko wapi, kisha anaulizwa atafanya nini. Karibu na sisi, shirika la Peripheral Vision International lenye ofisi Kampala lilitengeneza hadithi za namna hiyo za kusikiliza kwa simu, zilizoitwa Wanji Games. Na hapo Arusha, Farm Radio International wamewahi kuunganisha vipindi vya redio na simu za wakulima kwa mfumo walioupa jina la Kiswahili, Uliza. Kwa hiyo hatuendi kubuni gurudumu.

Wengine mmeuliza kwa nini tusitumie maandishi, kama yale ya kutuma fedha. Ni kweli kwamba tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 karibu kila mtu amezoea kupiga nyota, namba na alama ya reli, kisha kuchagua moja au mbili. Mazoea hayo ndiyo yanayotupa ujasiri. Lakini ukurasa mmoja wa huduma hiyo hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu unakatika. Ni sentensi mbili au tatu tu. Halafu wako wazazi wetu ambao hawasomi, na wako wanaosoma Kiswahili kwa shida lakini Kiiraqw wanakisikia mpaka ndani ya mifupa. Ndiyo maana tumechagua sauti, kwa lugha zote mbili.

Sasa tuje kwenye mbaazi, maana hapo ndipo penye uzito.

Wenzetu wa pwani huila kwa nazi na mahamri asubuhi. Huku kwetu, ingawa tunaipanda katikati ya mahindi kama chakula kingine chochote, wengi tuliilima tukitazama lori la mnunuzi. Na lori lilikuwa likitazama India. Mwaka 2014 na 2015 India ilipata ukame, bei ikapanda sana, na watu wakaongeza mbaazi shambani. Mwaka 2016 mvua za India zikawa nzuri, wakulima wao wakavuna kwa wingi. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Sisi ndio kwanza tulikuwa tunaingia kwenye mavuno. Bei ikaporomoka, siyo hapa tu bali pia Babati na Kondoa na kokote mbaazi ilikolimwa kwa ajili ya kuuza.

Tunasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunapita mitaani na semina. Tuliwafundisha: msiuze haraka, wekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, subirini bei ipande. Somo la mifuko lilikuwa sahihi, maana mdudu hakuingia. Lakini aliyetusikiliza vizuri zaidi ndiye aliyesubiri zaidi, akaiona bei ikizidi kushuka huku magunia yake yakiwa safi kabisa. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tuliandika idadi ya waliohudhuria semina. Hilo la pili hatukuliandika.

Tulipoanza kuandika hadithi hii tuliiandika kwanza kama semina. Aliyeuza haraka aliangamia, aliyehifadhi alijenga nyumba ya bati. Tukaipeleka katika mtaa mmoja bila simu wala mtambo, kwa kadi za karatasi, mmoja wetu akisoma na akina mama wakionyesha kidole kimoja au viwili. Walicheza mara moja. Mara ya pili wote walionyesha vidole viwili kabla swali halijaisha, kwa heshima, kama watoto wa katekisimu. Kisha mama mmoja akatuuliza: "Kwa nini hakuna namba tatu? Mimi ningeuza mawili, nilipe deni, haya matatu yakae." Hatukuwa na jibu. Ndivyo watu wengi wenye akili walivyofanya mwaka ule, na sisi tulikuwa hatujampa nafasi ya kulisema.

Namba tatu ina gharama yake, na wafadhili wetu wangependa kuijua. Hadithi yenye machaguo mawili kwa hatua tano, ukiiacha ijigawe yenyewe, inahitaji vipande 63 vya sauti. Yakiwa machaguo matatu, vipande vinakuwa 364. Kwa sekunde 40 kila kimoja, hayo ni zaidi ya saa nne za kurekodi, na kwa lugha mbili ni zaidi ya nane. Dawa yake ni kuziacha njia zikutane tena, kama vijia vya mbuzi vinavyorudi mtoni. Mtambo unakumbuka mambo mawili tu: magunia yaliyobaki na kama deni limelipwa. Kwa namna hiyo tumefika kwenye vipande 24, yaani dakika 16 kwa kila lugha, na mchezaji mmoja husikia vipande sita tu, dakika nne.

Kwa upande wa vifaa, tunahitaji kompyuta ndogo, kifaa cha kuingizia laini nne za simu, na programu iitwayo Asterisk ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999 na ambayo hutolewa bure. Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja. Namba moja ni hezi 697 na 1209, namba mbili ni 697 na 1336, na mtambo husikiliza tofauti hiyo. Laini nne maana yake ni watu wanne kwa wakati mmoja. Atakayebipu wa tano atapigiwa baadaye, na tunajua wote watabipu saa mbili usiku.

Jambo la kurekodi tusilichukulie kirahisi. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Juu ya hapo inakata, ndiyo maana s na f husikika kama ndugu pacha. Mlio wa mvua ambao vijana wa kwaya waliuweka kwa ustadi mkubwa ulifika simuni kama mtu anayekaanga vitumbua. Tumeuondoa. Tumejifunza pia kutaja tendo kwanza na namba baadaye, "kuuza mawili, bonyeza tatu", kwa sababu ukitanguliza namba, msikilizaji anaisahau kabla hujamaliza.

Gharama kubwa kuliko zote ni dakika za kupiga. Kaya 300 zikicheza mara tatu kila moja ni dakika 3,600, zote zikilipwa na mradi, kwa sababu mwenye kitochi hana salio la kuchezea. Hapa ndipo tunapowaomba marafiki zetu. Na kwa kuwa akina mama wengi hushika simu ya baba kwa zamu, tunapendekeza kila mtaa uwe na siku moja baada ya ibada ambapo simu moja inawekwa spika na kundi linacheza pamoja. Kwenye zile kadi tuliona kuwa mabishano kabla ya kubonyeza ndiyo yaliyokuwa na mafundisho kuliko chochote tulichokuwa tumeandika.

Mtambo utaweka kumbukumbu ya vitufe vilivyobonyezwa na mahali watu walipokata simu. Namba zenyewe zitafutwa kila mtu akishapigiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai uangalifu huo, na hata isingetudai, hakuna anayependa jirani ajue aliuza magunia mangapi.

Limebaki lile lililoleta ubishi katika kikao kilichopita. Baadhi ya wazee walisema siyo sawa kwamba katika hadithi yetu mtu mwangalifu, aliyekausha vizuri, akahifadhi vizuri na kusubiri, anasikia redio ikitangaza habari ya India na anapata hasara. Walisema mnafundisha watu kwamba uangalifu haulipi. Tumelifikiria sana neno hilo, kwa maana limetoka kwa watu wanaolipenda kanisa na wanaoujua ukulima kuliko sisi wenye vyeti. Lakini waliopo hapa walikuwepo mwaka 2017. Tukiweka mwisho mwingine watajua katika dakika ya nne kwamba tunawadanganya, na hawatabipu tena. Tumeongeza hatua moja mbele: mtu huyo, akiwa na magunia matatu ambayo hayauziki, anaulizwa kama mwaka unaofuata atapanda tena mbaazi, ataongeza ngwara, au ataacha kabisa. Nako hakuna jibu la uhakika. India iliondoa kikomo Mei 2021, na aliyekuwa ameng'oa mbaazi yote alianza kutafuta mbegu.

Kwa hiyo tunaiomba kamati mambo mawili leo. La kwanza, idhini ya mwisho huo kama ulivyo. La pili, majina ya wasimulizi wawili wa Kiiraqw, mama mmoja na mzee mmoja, wenye sauti nzito kidogo na wasio na haraka. Chumba cha kurekodia tunacho, ni stoo ya usharika, tumetundika mablanketi ukutani. Kuku wa mwinjilisti tumeshazungumza naye.