Maneno ya Kamati ya Kumkumbuka Nikita Pearl Waligwa



Sisi wa kamati ya jamii tumeona vema leo tumkumbuke mtoto wa Uganda, Nikita Pearl Waligwa, aliyefariki tarehe 15 Februari 2020 akiwa na miaka 15. Wengi mnamjua kama Gloria, kwa sababu ndilo jina alilocheza katika sinema ya Queen of Katwe iliyotoka mwaka 2016. Wapo waliouliza: kwa nini mchezaji sinema, nasi tuna marehemu wetu wengi? Swali hilo ni la haki. Marehemu wetu wamo katika kurasa nyingine za jarida hili, na Nikita hachukui nafasi ya hata mmoja wao.

Sinema yenyewe ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, Kampala, aliyeuza mahindi barabarani, kisha akafundishwa mchezo wa chesi na mwalimu Robert Katende. Mwongozaji ni Mira Nair, na Lupita Nyong'o wa Kenya ndiye mama. Sasa, siku Phiona anapofika kwa mara ya kwanza, watoto wanamcheka kwa sababu ananuka. Anayepewa kazi ya kumfundisha ni Gloria, tena mdogo kuliko yeye. Gloria anamwonyesha kila kete inavyokwenda, na anamweleza kwamba kete ndogo kabisa ikivuka ubao hadi mwisho yaweza kugeuka malkia. Hamwonei huruma hata kidogo. Anasema kama fundi anayeijua kazi yake.

Hapo ndipo tuliposhikwa sisi wa kambi. Kila gari linaloleta wageni kutoka mpakani hushusha mtoto ambaye hajaoga siku nyingi, hajui Kiingereza, na amekaa miaka bila darasa. Watoto waliotangulia, ambao juzi tu walikuwa vilevile, humcheka. Tuliwakemea mara nyingi, bila faida. Lakini baada ya kuiona sinema ile, wapo wasichana wadogo walioanza kujiita Gloria na kumshika mgeni mkono hadi kwenye foleni ya maji, wakimweleza mtungi unawekwa wapi na zamu inahesabiwaje. Wengine wamezidi, wanawaamrisha wageni kama askari, lakini hilo tutalirekebisha.

Ndugu zetu wa Sudan Kusini wana sababu yao pia. Mwaka 2009 Phiona na wenzake wawili walikwenda Juba kwa mashindano ya chesi ya watoto wa Afrika, wakarudi na ushindi. Sinema ilipotoka Septemba 2016, ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu mapigano ya Julai katika mji huohuo, yaliyosukuma watu wengi kuja huku West Nile.

Nikita aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo mwaka 2016. Ilibidi atibiwe India, na Mira Nair alisaidia kutafuta fedha. Mwaka 2017 aliambiwa amepona, lakini baadaye uvimbe mwingine ukaonekana. Alikuwa mwanafunzi wa Gayaza High School. Wazazi mlioletewa karatasi ya rufaa, mkaambiwa matibabu yako mbali, hamhitaji kuelezwa zaidi.

Akina mama kadhaa walituomba tusiwaambie watoto kwamba Gloria amekufa. Tulilijadili katika vikao viwili, na halikuwa jambo jepesi. Mwisho tulikubaliana kuwaambia. Watoto wa kambi hii wanakijua kifo kuliko tunavyopenda, na mzee akiwaficha hugundua upesi, halafu hawamwamini tena hata anapowaambia kweli.

Jioni hii, jenereta ikikubali, sinema itaonyeshwa uwanjani. Kijana wetu atafasiri kwa sauti, kama wanavyofanya katika vibanda vya video mjini Arua, kwa Kiswahili na Kilugbara. Watoto waliofika mwezi huu wakae mbele.

Ndugu wa mashirika, ubao wa chesi tunao mmoja tu. Kete nne zimepotea, na mahali pake tumeweka vizibo vya soda. Tunaomba mbao nyingine.