Mkutano wa Kujuana: Tuuandae Wenyewe

(Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa jumuiya za kulea mayatima)

Shukurani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tumeombwa tuzungumze juu ya namna jumuiya ya kheri inavyoweza kuandaa yenyewe mkutano wa kuwakutanisha wafadhili, maimamu, walimu na jumuiya nyingine. Tutaanza na aibu yetu. Mwaka mmoja, kabla ya Idd-el-Fitr, tulikwenda kugawa mchele na sukari. Kwa mjane mmoja tukakuta jumuiya mbili zimekwishatutangulia, naye kwa uaminifu wake akatuonyesha mlango wa jirani yake, mama wa mayatima wanne, ambaye hakuna aliyempelekea hata kibaba. Jumuiya tatu katika mtaa mmoja, na hakuna iliyokuwa na habari ya mwenzake.

Ugonjwa huu una asili yake. Kwa muda mrefu wengi wetu tulielekeza nyuso kwa wafadhili wa nje, kila mmoja na mlango wake, wala hatukuona haja ya kujuana. Januari 2004, matawi ya shirika la Al-Haramain ya Kenya na Tanzania yalipotiwa katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, tulipaswa kufahamu kwamba mfereji wa mbali hufungwa bila ya kuulizwa wanaoteka.

Tazameni Hilful-Fudhuul. Mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa bidhaa yake na Al-As bin Wail mjini Makka. Zubeir bin Abdul-Muttalib akaita watu, wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, aliyewaandalia chakula. Mtume (S.A.W.), kabla ya Utume, alikuwapo, na baadaye aliendelea kuusifu mkataba ule. Zingatieni: nyumba ya mtu, chakula cha mwenyeji, jambo moja la kuzungumzwa, na walipotoka walimwendea mdhulumu wakaitwaa haki ya mgeni. Hapakuwa na ukumbi wa hoteli.

Sisi tuliwahi kukodi ukumbi. Meza kuu ilikuwa na wageni tisa, hotuba sita, na mayatima walisimamishwa kusoma ili watu walie. Ahadi zilikuwa nyingi, zilizotimizwa chache, na watu waliondoka bila ya kujuana hata majina. Zaidi ya hayo, kumsimamisha mtoto hadharani kwa ajili ya sadaka kunakaribia maudhi yanayobatilisha sadaka, kama tulivyoonywa katika Suratul-Baqara, aya ya 264.

Basi tuandaeni kwa namna nyingine. Mahali ni madrasa. Wakati ni baina ya Alasiri na Magharibi. Mwezi ni Rajab au Shaaban, kabla wafanyabiashara hawajazongwa na Ramadhani na kabla Zaka haijagawanywa. Waalikwa arubaini wanatosha. Wasisahauliwe kina mama, kwani wao ndio wanaojua nyumba ipi haijainjika chungu. Watengewe nafasi ya stara, na kipaza sauti kiwafikie. (Mara nyingi huwa hakiwafikii.) Watu wakae kwenye majamvi kwa halaka za watu sita au saba, na kila mmoja aseme mambo mawili tu: anachohitaji na anachoweza kutoa. Mwenye lori lisilo na mzigo siku ya Ijumaa aketi karibu na mwenye magunia yasiyo na usafiri.

Kahawa, tende na kashata vinatosha, na gharama yake isitoke katika Zaka, ambayo wanaostahiki wametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na wageni wa mkutano hawamo. Aombwe mtu mmoja agharimie kwa nia ya sadaka.

Orodha za mayatima zisisomwe hadharani. Waaminifu wawili kutoka kila jumuiya wakae kando wazilinganishe, jina kwa jina. Katibu aandike nani amemwahidi nani jambo gani, na ndani ya siku saba awapitie kwa miguu yake.

Sisi tumekwishaazima majamvi. Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya Shaaban, Inshaallah, na daftari letu tutakuja nalo; nanyi njooni na yenu.

Wabillahi tawfiiq.