Funga Minyororo Kabla ya Tope

Mazungumzo ya redioni. Somo: Mathayo 25:1–13

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho pengine hamjapata kukisikia kikitajwa katika mahubiri, yaani minyororo inayofungwa juu ya tairi za gari. Tafadhali msizime redio. Mwishoni mtaona kwamba jambo hili latuhusu sote, hata yule asiyekuwa na baiskeli.

Katika nchi za baridi theluji huanguka mpaka barabara zikawa nyeupe na zenye utelezi mwingi. Sisi wa Kitui na Makueni hatuikanyagi theluji. Lakini habari yake ina mahali pake katika historia yetu. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Wakamba. Kutoka huko Kitui aliuona Mlima Kenya na weupe wa kilele chake. Habari hizo zilipofika Ulaya, wataalamu wengine walikataa kusadiki. Walisema, theluji yawezaje kukaa karibu na ikweta? Lakini theluji ilikuwako, na jina la nchi yetu latokana na jina la mlima ule.

Basi, watu wa nchi za theluji huendeshaje magari yao madogo? Hufunga minyororo katika tairi. Inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, Harry Weed, aliwaona madereva wakizungusha kamba katika magurudumu ili yasiteleze, naye akafikiri kwamba mnyororo ungefaa zaidi. Mwaka 1904 alipewa hati ya uvumbuzi huo. Hata leo, katika milima ya Uswisi, kuna alama ya buluu yenye picha ya tairi iliyofungwa mnyororo. Dereva akiikuta alama hiyo hana ruhusa ya kuendelea mpaka afunge minyororo yake. Huifunga hapo hapo, mahali gari linaposimama imara, kabla ya kuanza kupambana na mlima.

Huku kwetu adui si theluji, ni tope. Ninyi mnaokaa upande wa Malili na Konza mwaujua udongo ule mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, ukawa mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha huwa kama uji wa mtama uliomwagwa njiani: hushika kiatu, hushika tairi, halafu huteleza. Katika udongo kama huo minyororo husaidia, maana huuma ardhi pale mpira unapoteleza.

Wapenzi, sasa tutawasimulia kosa letu wenyewe. Hatuoni fahari kulisimulia, lakini huenda likamsaidia mtu.

Rafiki yetu mmoja, mkulima wa viazi huko Kinangop, alitupa minyororo miwili ya gari dogo. Alitufundisha vizuri. Alisema, “Mchungaji, kwanza hakikisha kwamba minyororo inalingana na namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Pili, ifunge katika magurudumu yanayosukumwa na injini. Gari lako huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ifunge mbele, yote mawili. Ilaze juu ya tairi, funga kulabu ya ndani kwanza, kisha ya nje. Nenda hatua chache, simama, uikaze tena, maana italegea. Endesha polepole. Na ukifika penye lami, ifungue, la sivyo itakatika na kuharibu tairi.” Halafu akaongeza neno moja: “Ifunge kabla hujaingia topeni.”

Tukamshukuru. Tukaitia minyororo katika gunia, tukaliweka gunia katika buti ya gari. Ikakaa humo miezi mingi, na kila tulipoisikia ikigongana nyuma tulijisikia salama.

Siku moja ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekolea, tuliletewa habari asubuhi kwamba mama mmoja mzee, mshiriki wetu wa miaka mingi, alikuwa mgonjwa sana. Alikuwa akiomba apewe Meza ya Bwana. Tukachukua mkate na divai, tukaondoka pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Tulipofika mahali pa kuiacha barabara ya Mombasa na kuingia njia ya udongo, yule mzee alisema, “Mchungaji, tusimame hapa tufunge minyororo.”

Tulitazama mbele. Jua lilikuwa limetoka na uso wa njia ulikuwa umeanza kukauka. Tulitazama saa. Tulitazama pia mavazi yetu, ambayo yalikuwa safi. Tukamjibu, “Tukiona haja, tutaifunga huko mbele.” Yule mzee hakubishana nasi. Alikaa kimya.

Tulikwenda kama kilometa tatu. Njia ikashuka bondeni, na huko chini tope lilikuwa halijakauka hata kidogo. Gari likateleza kando, tukakanyaga mafuta, na magurudumu yakazunguka papo hapo yakijichimbia kaburi. Kwa dakika chache tu chuma cha chini kilikuwa kimelala juu ya udongo.

Ndipo tukakumbuka gunia. Lakini sasa mnyororo ungepita wapi? Magurudumu yalikuwa yamezikwa. Tukaweka jeki, jeki ikazama. Tukaweka jiwe chini ya jeki, jiwe nalo likazama. Tulichimba kwa mikono, tukakata matawi, tukapiga magoti katika tope lile tulilokuwa tukilikwepa, na yale mavazi yakawa hayatambulikani. Kazi ambayo ingetuchukua dakika ishirini kando ya lami ilitushinda kwa muda wa saa nne. Mwishowe vijana waliokuwa wakirudisha ng'ombe nyumbani walitukuta, wakalivuta gari kwa kamba.

Tulifika jioni. Mama yule alikuwa amekwisha kufa tangu alasiri. Kando ya kitanda palikuwa na stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe, na kikombe kilichooshwa. Mjukuu wake wa kike alitupokea kwa heshima akasema, “Poleni na njia, Mchungaji. Susu aliwangoja sana. Kila aliposikia gari huko barabarani aliuliza kama ni lenu.”

Ndugu zetu, yule msichana hakutulaumu. Sisi wenyewe ndio tuliojua habari ya lile gunia.

Tunaamini kwa moyo wote kwamba wokovu wa mama yule haukutegemea gari letu. Bwana Yesu hakwami topeni. Alikuwapo chumbani mle kabla yetu, naye hamtupi mtoto wake kwa sababu mchungaji amechelewa. Neno hilo lilitufariji, na lawafariji pia jamaa zake. Lakini neema ya Mungu haifanyi uzembe wetu kuwa si uzembe. Mama yule aliomba kitu kimoja, nasi tulikuwa na njia ya kumfikishia. Hatukuitumia kwa wakati wake.

Sasa soma tena ule mfano wa wanawali kumi. Wale watano wapumbavu hawakuwa maadui wa bwana arusi. Walikuwa na taa, na walikuwa wamealikwa. Walijua hata mahali yanapouzwa mafuta, maana walikwenda kuyanunua. Kosa lao lilikuwa wakati. Waliyatafuta usiku wa manane yale waliyopaswa kuyatafuta mchana. Vivyo hivyo nasi tulikuwa na minyororo. Ilikuwa mizima, tena ya namba inayofaa. Lakini mnyororo ulio ndani ya buti haushiki udongo.

Je, ni wangapi kati yetu wanaobeba dini yao ndani ya buti? Biblia ipo kabatini. Sala twaijua kwa kichwa. Cheti cha ubatizo kimehifadhiwa vizuri. Yote hayo hugongana nyuma yetu tunapotembea, nasi tukisikia sauti yake tunajiona tu salama. Mume na mke wamenuniana tangu mwaka jana, na kila mmoja asema, “Siku ikifika tutapatana.” Baba hajawaambia wanawe habari ya shamba, asema, “Ningali na nguvu.” Kijana asema atajifunza kuomba atakapokuwa mtu mzima. Kisha ghafula yaja maradhi, au msiba, au kufutwa kazi. Ndipo twataka kufunga minyororo, nayo magurudumu yamekwisha zama. Mungu husikia hata kilio cha topeni, tusikate tamaa kamwe. Lakini kwa nini tungoje?

Wazee wetu wa Ukambani hawangoji hivyo katika kazi zao. Mabwawa ya mchanga katika mito yetu hujengwa wakati wa kiangazi, mto ukiwa mkavu. Yale matuta ya fanya juu yanayoshika udongo wa milima yetu huchimbwa kabla ya mvua. Hakuna mtu achimbaye tuta wakati maji yanapopita shambani. Ikiwa twaijua hekima hiyo kwa ajili ya mahindi na mbaazi, yatupasa kuijua pia kwa ajili ya roho zetu.

Tena kumbukeni agizo la yule mkulima: ifunge katika magurudumu yanayosukumwa na injini. Katika gari letu, tungeifunga nyuma, watu wangeiona na kuisifu, lakini magurudumu ya mbele yangeendelea kuteleza. Mambo ya Mungu hufungwa moyoni, kule mwendo wetu unakotoka. Nayo hayafungwi mara moja tu. Yule mkulima alisema, nenda hatua chache, simama, kaza tena. Ndiyo maana twasali asubuhi na jioni, na twakutana kila Jumapili.

Pengine mtu atasema, “Neno mnyororo halinipendezi. Ni neno la wafungwa.” Kweli, Mtume Paulo alifungwa kwa ajili ya Injili. Lakini katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Wafilipi aeleza jinsi vifungo vyake vilivyolisaidia Neno la Mungu kusonga mbele. Kuna kifungo kizuiacho, na kuna kifungo kinachotupa mahali pa kukanyaga. Sala ya kila siku hupunguza mwendo wetu kidogo, kama minyororo inavyopunguza mwendo wa gari. Lakini hutufikisha.

Hatuna budi kusema neno moja la tahadhari. Minyororo ni ya tope na theluji. Haikuumbwa kwa ajili ya mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba 2021 haipo mbali na mioyo yetu, maana siku hiyo basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilizama katika mto Enziu, upande wa Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kanisa liliwalilia, na jamaa zao wangali wakiwalilia. Hatuwataji ili kumhukumu mtu. Twawataja kwa sababu mito yetu hii, ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, hujaa kwa muda mfupi kwa mvua iliyonyesha mbali. Basi, ukikuta maji yamefunika njia, simama ungoje yapungue, au urudi, hata kama una kanzu ya kanisa na shughuli ya kanisa. Kumtumaini Mungu si kumjaribu. Yeye aliyejitayarisha vema ndiye ajuaye pia mahali pa kusimama.

Gunia lile halimo tena katika buti. Tumeitundika minyororo mlangoni, mahali tunapoiona tunapotoka. Na tangu siku ile, yule mzee wa kanisa akisema, “Mchungaji, tusimame hapa,” twasimama.

Msikilizaji mpendwa, labda leo hii njia yako ni kavu na jua linawaka. Mshukuru Mungu. Hapo unaposimama ndipo mahali pa kufungia. Nani unapaswa kumwendea leo, usingoje kesho? Sala gani umeiweka ndani ya gunia?

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, utusamehe kwa yale tuliyoyaahirisha, na kwa wale waliotungoja tusifike. Uwafariji wote waliofiwa katika Kitui na Makueni. Utufundishe kujiweka tayari wakati wa amani, utupe unyenyekevu wa kusikia shauri la wazee wetu, na hekima ya kusimama penye hatari. Utufikishe salama nyumbani kwako, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.