Meza ya Karani na Sanduku la Kikoba

Mwaka 1981, kampuni ya Xerox ya Marekani ilipoitoa kompyuta iitwayo Star, ilichora juu ya kioo chake meza ya karani, pamoja na majalada yake na kikapu cha barua, kwa kuwa wale waliokusudiwa kuitumia walikuwa watu wa afisini waliokwisha kuvizoea vyombo hivyo. Na hata leo programu nyingi huonyesha alama ya kuhifadhi kwa sura ya diski ambayo kijana wa Pugu, Dar es Salaam, hajapata kuishika.

Lakini mama wa Pugu aliye mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, analijua umbo jingine la amana, nalo ni sanduku la chuma lenye makufuli matatu, ambalo funguo zake hukaa kwa watu mbalimbali, wala halifunguliwi ila mbele ya kikao. Waliobuni M-Koba, huduma ya akiba za vikundi ya Vodacom Tanzania, waliufuata utaratibu huo, fedha zisitoke bila ya idhini ya viongozi wa kikundi. Na kwangu mimi hiyo ni kazi ya usanifu yenye busara kuliko picha elfu za majalada.

Sasa zinakuja mashine za kuzungumza nazo kwa sauti tupu, zisizo na meza wala sanduku. Yafaa wasanifu wetu wahudhurie kwanza vikao vya kikoba, kisha watuambie: funguo zitakaa kwa nani, na mwanachama asiyejua kusoma atayaonaje makufuli?