MOTOKARI YA MAHINDI NA BARIDI YA ASUBUHI

Leo tuseme juu ya motokari zinazochukua mahindi na mihogo yenu mpaka soko za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi.

Inchi yetu iko juu. Lubumbashi ni karibu metre 1200 juu ya bahari. Mwezi wa sita na wa saba, alfajiri ni baridi sana. Basi shofere anawasha mashini, anasukuma fimbo ya vitesi, nayo inakataa kuingia katika ya pili. Magunia yamekwisha kupakiwa, na wanunuzi hawangoji. Kwa hasira anaipiga kwa nguvu. Ndipo hasara inapoanza.

Sikilizeni sababu. Ndani ya sanduku la vitesi mna magurudumu ya meno yanayooga katika mafuta. Mafuta yakipata baridi huwa mazito kama asali. Tena mna pete za shaba ya manjano, ndiyo shaba iliyochanganywa na zinki. Kazi yao ni kulinganisha mwendo wa magurudumu kabla meno hayajaingia. Mafuta mazito yanazuia pete isishike upesi. Ukilazimisha fimbo, pete inalika, na kuibadilisha ni kufungua sanduku zima.

Fanya hivi. Tia jiwe mbele ya gurudumu, vuta freno ya mkono, weka fimbo katikati, kisha ondoa mguu juu ya pedali ya ambreyaje. Acha mashini izunguke dakika chache. Mguu ukibaki juu ya pedali, mafuta hayakorogwi. Halafu ondoka polepole. Ya pili ikikataa, kanyaga pedali, rudisha fimbo katikati, achilia, kanyaga tena, sukuma bila nguvu.

Msiwashe moto chini ya sanduku! Esansi iko karibu. Wala msitie petroli ndani ili mafuta yawe mepesi, meno yatasagana.

Mkinunua mafuta, tazameni kopo. Namba 140 ni mazito kuliko 90, na 75W hustahimili baridi kuliko 80W. Tena mengine ya GL-5 yana dawa ya salfa inayoweza kula shaba ya manjano. Fuateni kitabu cha motokari, si maneno ya mwenye duka.

Lakini kama sanduku limekwisha kupata moto na fimbo ingali ngumu, kosa si la baridi. Sharti fundi aangalie ambreyaje kwanza, kabla ya kupakia magunia.