Kusoma Namba za Gari: Datsun 240Z na Ndugu Zake
(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

Fungueni daftari zenu. Leo tutasoma maandishi ambayo hayakuandikwa kwa kalamu, bali yamegongwa katika chuma. Ni herufi mbili tatu na tarakimu chache tu, lakini mtu asiyezisoma sawasawa aweza kununua spea isiyomfaa, na fedha yake isirudi.

Mfano wetu ni gari la spoti liitwalo Datsun 240Z, lililoundwa na kampuni ya Nissan huko Japani. Katika Afrika ya Mashariki jina hili si geni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiendesha 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la namna hiyo hiyo. Leo ni gari la kale lenye thamani, na wanaolitunza huagiza spea kutoka nchi za mbali. Hapo ndipo kusoma kunapohitajiwa.

Kwa nini? Kwa sababu gari hili lina ndugu. 240Z ilianza mwishoni mwa mwaka 1969. Ikafuata 260Z, modeli ya mwaka 1974, kisha 280Z, modeli ya mwaka 1975, ambayo iliuzwa Amerika ya Kaskazini. Ukoo huu wote ulikoma mwaka 1978. Ukiwasimamisha ndugu hawa watatu barabarani, mtu mgeni atasema ni gari moja. Muuza spea naye husema, "Hii ni ya Datsun Z, itaingia tu." Neno hilo "itaingia tu" msilikubali upesi.

Basi tuanze na namba ya chasisi. Fungua boneti, utaona namba hiyo imegongwa katika ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria. Chuma kikiwa na mafuta, kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kiache kikauke, kisha paka chaki juu ya namba na ufute kidogo. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo, na herufi zitaonekana nyeupe. Inakili namba yote, pamoja na kistari chake. Tarakimu ya 3 iliyolika hufanana sana na 8, usibahatishe.

Ukikuta HS30, hiyo ni 240Z yenye usukani kulia. Ukikuta HLS30, ile L katikati yaonyesha kuwa usukani uko kushoto. RS30 ni 260Z ya usukani wa kulia, na RLS30 ni 260Z ya usukani wa kushoto. Herufi G ikitangulia, kama GRS30, gari hilo ni refu zaidi na lina viti vya nyuma.

Lakini hapa pana mtego. Ilipokuja 280Z, kiwanda kiliirudisha ile HLS30 ya zamani. Kwa hiyo magari mawili tofauti yana herufi zile zile. Kwa maoni yangu kiwanda hakikuwafanyia mafundi hisani. Dawa yake ni kusoma pia tarakimu zinazofuata kistari, maana zile za 280Z ni kubwa zaidi, na kutazama injini: 240Z yavuta petroli kwa kabureta mbili, lakini 280Z haina kabureta, petroli yake hupulizwa kwa nozeli zinazoongozwa na umeme.

Sasa tusome injini. Namba yake imegongwa katika bloki na huanza na L24, L26 au L28. L ni jina la ukoo wa injini. Tarakimu zaeleza ukubwa: L24 ina sentimita za ujazo 2,393, L26 ina 2,565, na L28 ina 2,753. Injini za ukoo huu zilifungwa pia katika magari mengine ya Datsun, kama 280C. Kwa hiyo chasisi yaweza kusema HS30, na chini ya boneti mkakuta L28 iliyowekwa na fundi miaka mingi iliyopita. Spea za injini huagizwa kwa namba ya injini, si kwa jina lililobandikwa ubavuni mwa gari.

Chukueni konrodi, yaani ule mkono wa chuma uungao pistoni na kranki. Konrodi ya L24 ina urefu wa milimita 133. Ya L26 na L28 ina milimita 130.35. Zikilala juu ya meza, jicho halitambui tofauti. Tufanye hesabu pamoja: 133 toa 130.35, jibu ni 2.65.

Je, milimita 2.65 ni kitu? Kranki ya L24 huisukuma pistoni mwendo wa milimita 73.7 kutoka chini hadi juu, na kranki ya L28 milimita 79. Tofauti ni 5.3, na nusu yake ni 2.65. Waliounda injini walifupisha konrodi kwa kiasi kile kile ambacho kranki iliongeza upande wa juu. Sasa mtu akifunga konrodi ndefu za L24 katika L28 yenye kranki na pistoni zake za kawaida, kila pistoni itapanda juu zaidi kwa milimita 2.65, na juu yake kuna silinda hedi na valvu. Injini hiyo ama haitazunguka, ama itavunja kitu.

Pistoni nazo zina mambo yake. Tundu la silinda la L24 na la L26 lina upana wa milimita 83, lakini la L28 ni milimita 86. Silinda hedi pia zina alama zake: E31 ni ya 240Z za mwanzo, E88 ikafuata, na 280Z zina N42 au N47.

Mwili wa gari nao hubadilika. 240Z za mwanzo zina matundu mawili ya hewa katika mlango wa nyuma. Baadaye matundu yakahamishiwa nguzo za pembeni, penye alama ya duara yenye herufi Z. Ishara hiyo yasaidia, ingawa mlango waweza kubadilishwa kwa bolti chache. Katikati ya mwaka 1971 difu nayo ilisogezwa nyuma kiasi cha milimita 35, na chuma kinachoishika kwa nyuma kikabadilishwa umbo. Kwa hiyo hata 240Z mbili zaweza kukataana spea.

Kazi ya juma hili, andikeni majibu katika daftari. Kwanza: gari lina chasisi RS30 na injini L26, ni gari gani, na usukani uko upande gani? Pili: gari lina chasisi HS30 na injini L28, utaagiza konrodi ya urefu gani? Tatu: mtu amekuandikia barua akisema gari lake ni HLS30, basi, hakuongeza neno. Mwandikieni barua fupi ya kumwuliza yanayokosekana. Walimu, msitoe majibu mpaka wanafunzi wamekwisha kusomeana barua zao.